Evo: 280 au 276, ipi ya kweli?

SWALI: Kaka habari, naitafuta gari ya Mitsubishi Lancer Evolution, yaani Evo, ya kuagiza toka Japani, karatasi moja imeandika nguvu 280 nyingine 276, nimechanganyikiwa. Na mbona gari ya zamani bei haishuki?

JIBU: Ndugu yangu zote sawa tu, 280 ni PS, kipimo wanachotumia Wajapani, ukigeuza kuwa hospawa unapata 276. Ila hiyo namba isikupumbaze, kuanzia 1989 hadi 2004 kampuni za Japani zilikubaliana zisitangaze zaidi ya 280, ndo maana Evo IV, yaani toleo la 4, ya 1996 imeandikwa 280 na Evo VIII ya 2003 nayo 280, wakati msukumo, yaani toki, umepanda toka Nm 353 hadi karibu 400, na huo ndo unaousikia mgongoni ukikanyaga mafuta.

Bei haishuki kwa sababu haitengenezwi tena, halafu Tommi Mäkinen alibeba ubingwa wa dunia wa rali mara 4 mfululizo na Lancer, 1996 hadi 1999, watu hawajasahau kabisa! Mimi naipenda sana, lakini fungua boneti kwanza, mipira ya turbo ikiwa imelowa oili jingi achana nayo.