Kutojiunga na Wi-Fi Usiyoijua Hakutoshi Kukulinda

Wengi ninaowatunzia kompyuta huamini kwamba asiyejiunga na Wi-Fi ngeni yuko salama. Tahadhari hiyo inafaa dhidi ya wanaochungulia mawasiliano, lakini haizuii kasoro zilizomo ndani ya mfumo endeshi wenyewe. Mfano ninaowapa ni wa Oktoba 2022, zilipotangazwa kasoro 5 zilizogunduliwa na Sönke Huster, wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt nchini Ujerumani, pamoja na Johannes Berg wa kampuni ya Intel, katika sehemu ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux inayoshughulikia Wi-Fi.

Ruta hutangaza mtandao wake takriban mara 10 kwa sekunde, na kompyuta inayotafuta mitandao huyasoma matangazo hayo kabla mwenyewe hajachagua lolote. Ndani ya tangazo, kila kipengele hubeba baiti moja inayotaja urefu wake. Katika kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2022-41674, kerneli iliuchukua urefu huo, ikaongeza 2, kisha ikaiweka jumla katika baiti moja, ambayo haiwezi kushika zaidi ya 255. Mwenye hila akitaja urefu wa 254, jumla hurudi sifuri kama mita ya kilomita ya gari kuukuu, na kerneli hunakili baiti 256 zaidi ya nafasi iliyotengwa, zikafuta data nyingine iliyo jirani katika kumbukumbu. Kompyuta inaweza kukwama, au mshambuliaji aliye karibu akapata njia ya kuendesha maagizo yake. Kasoro hiyo iliingia na toleo la 5.1 la mwaka 2019, na tiba yake ilikuwa kutumia namba yenye nafasi kubwa zaidi.

Nenosiri refu halisaidii hapa, kwa kuwa matangazo husomwa kabla halijaulizwa. Kinachosaidia ni kusasisha kerneli na kisha kuwasha kompyuta upya, na hatua hii ya pili ndiyo ninayoikuta imerukwa mara nyingi zaidi, hasa kwa watu ambao hufunga kifuniko cha kompyuta mpakato jioni na kukifungua asubuhi, wiki hata wiki, huku kerneli ya zamani ikiendelea kufanya kazi ingawa mpya imeshapakuliwa. Amri ya uname -r huonyesha inayotumika sasa. Namba ndogo peke yake isikutishe: Debian na wasambazaji wengine wa Linux huingiza marekebisho katika matoleo ya nyuma, kwa hiyo soma tangazo la usalama la msambazaji wako.

Kompyuta iliyounganishwa kwa waya izimiwe Wi-Fi kabisa. Amri ya rfkill block wifi inatosha. Kwa ruta na vifaa vidogo vinavyotumia Linux, muulize muuzaji kabla ya kulipa ni hadi mwaka gani mtengenezaji ataendelea kutoa masasisho, na akishindwa kujibu, mimi huenda duka jingine.