Bidhaa ina hitilafu au ina kasoro?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho chuoni hapa Dodoma. Ikisiri ya mradi wangu inaanza hivi: "Mradi huu unatumia akili bandia kubashiri hitilafu za bidhaa katika kiwanda cha vifaa vya elektroniki." Msimamizi wangu amekata "kubashiri" akaweka "kutabiri". Mwenzangu ninayekaa naye Nzuguni anasema hata "hitilafu" haijakaa mahali pake, ila hawezi kueleza kwa nini. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wasikilize wote wawili, lakini huyo wa Nzuguni ndiye aliyegusa penyewe, basi nianze na lake.

Dakika kumi na tano kabla ya saa tatu tunaiita saa tatu kasorobo. Humo mna "kasoro" na "robo" zilizoshikana: saa tatu, imepelea robo. Tunasema pia "wamefika wote kasoro mmoja". Kasoro ni upungufu, kitu kilichotakiwa kitimie hakikutimia. Bidhaa ya kiwandani nayo ina vipimo vyake vilivyoandikwa kabla haijatengenezwa: unene kiasi hiki, umeme upite kiasi hiki. Isipofikia vipimo hivyo ina kasoro, hata kama bado imo ndani ya boksi na hakuna mtu aliyewahi kuiwasha.

"Hitilafu" asili yake ni Kiarabu, tofauti au kutopatana. Mpaka leo majirani waliokosana tunasema wana hitilafu. Kwenye mitambo neno limekuja kuwa mwendo uliotoka kwenye kawaida yake: umeme ukikatika tunatangaziwa hitilafu kwenye njia, pampu ya kisima ikigoma ni hitilafu. Hitilafu hutokea, kasoro huwapo. Jaribu kusema "hitilafu imetokea saa nane usiku", inapita. Sasa sema "kasoro imetokea saa nane usiku" usikie inavyokwaruza. Tunachosema ni kwamba kasoro imejitokeza, maana ilikuwamo, imejionyesha tu.

Lehemu isiyoshika vizuri kwenye bodi ya simu ni kasoro. Simu hiyo kujizima mfukoni miezi sita baadaye ni hitilafu. Na hili si suala la kupamba lugha tu, kwa sababu viwandani kuna kazi mbili tofauti ambazo sentensi yako inazichanganya. Ipo ya kutabiri kasoro za bidhaa, na ipo ya kutabiri hitilafu za mitambo inayozitengeneza, kwa mfano kusoma mtetemo wa beringi ili fundi aibadilishe kabla haijakatika. Msomaji wako anataka kujua unafanya ipi.

Kuhusu "kubashiri", sina ugomvi nalo kikamusi. Lakini siku hizi ukilitamka pale stendi, watu wanafikiria mkeka wa mechi za Jumamosi. Neno likishanunuliwa na wachezaji wa kamari, mwanasayansi alikwepe kwa muda. "Kutabiri" tumeshalizoea katika utabiri wa hali ya hewa, ambako mtu anasoma vipimo vya leo ili aseme ya kesho. Programu yako inafanya hivyohivyo.

Kama kweli inatabiri. Juzi nilikuwa Soko la Majengo nikinunua zabibu. Mama aliyekuwa akiniuzia alichambua kichala, punje zilizopasuka akazitupa pembeni. Halafu akakigeuza, akatazama kikonyo, akaona kimeanza kuwa cha kahawia na kukauka. Akaniambia, "Hiki baba kula leo, kesho kitapukutika." Zile punje alizibaini. Kile kichala alikitabiri. Kamera inayopiga picha bodi na kuonyesha ufa uliopo inabaini kasoro. Programu inayosoma joto, shinikizo na mtiririko wa gesi wakati bamba la silikoni la kutengenezea chipu bado linatengenezwa, ikasema hili litafeli kwenye jaribio la mwisho, hiyo inatabiri. (Vipimo hivyo huletwa na vihisi. Mafundi wengi husema "sensa". Ukiandika hivyo, msomaji wa Dodoma atasubiri karani wa kuhesabu watu.)

Hukuniuliza, ila naona mbele umeandika kwamba programu ina "usahihi wa asilimia 93" na kwamba umetumia data za SECOM. Hapo pana mtego. Data hizo, zilizowekwa wazi na Chuo Kikuu cha California, Irvine, zinatoka kwenye utengenezaji wa semikonda, yaani chipu zinazokaa ndani ya vifaa vya elektroniki: rekodi 1,567, kila moja na vipimo takriban 590. Zilizofeli ni 104 tu. Mtu asiye na programu yoyote, akikaa kivulini na kusema "nzima" kila anapoulizwa, atapatia mara 1,463, ambayo ni asilimia 93 na ushee. Na hatakuwa amenasa hata moja mbovu.

Neno "usahihi" peke yake halibebi habari hiyo. Wengine wanalitumia kwa vipimo viwili au vitatu tofauti, na msomaji hajui ni kipi. Usijisumbue kubuni istilahi. Andika kwa maneno kamili: kati ya bidhaa 104 zilizofeli, programu ilinasa ngapi, na kati ya zote ilizozitilia shaka, ngapi zilikuwa mbovu kweli. Ukishaeleza mara moja, cha kwanza kiite "kiwango cha kunasa", cha pili "kiwango cha kupatia", uendelee navyo hivyo mpaka mwisho.

"Akili bandia" inaeleweka. Utakutana pia na "akili mnemba" na "akili unde". Mimi napenda "unde" kwa sababu imetoka kwenye kuunda, kazi ya mafundi wa majahazi, wakati "bandia" inanikumbusha noti za bandia. Hayo ni mapenzi yangu, usimpelekee msimamizi kama hoja. Chagua moja tu, usibadilishe katikati.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Mradi huu unatumia akili unde kutabiri kasoro za bidhaa za semikonda kabla ya jaribio la mwisho, kwa kusoma vipimo vya vihisi vilivyo kwenye mitambo." "Vifaa vya elektroniki" nimeviondoa, kwa data hizo, hujafika kwenye redio wala simu.