Wasomaji Wanauliza: Historia ya Kikosi Kilichokuwa Kikisikiliza

SWALI: Baba mkwe wangu ni Mmarekani. Alikuwa mnasa mawimbi ya redio wa Jeshi la Nchi Kavu pale Kagnew Station, kituo cha Marekani cha kunasa mawasiliano huko Asmara, Eritrea, akatoka jeshini mwaka 1959. Yeye na wenzake waliobaki wanataka kuandika historia ya kikosi, ila wameambiwa majalada yao yaliungua. Waanzie wapi?

JIBU: Waanze na majina, matukio yatafuata. Moto wa tarehe 12 Julai 1973 katika hifadhi ya majalada ya wanajeshi huko St. Louis, Marekani, uliteketeza takriban asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu waliotoka jeshini kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, kwa hiyo huenda jalada la mzee halipo. Hata hivyo aombe kwa Fomu 180, ile ya serikali ya Marekani ya kuombea kumbukumbu za jeshi. Vipo vipande vilivyookolewa, na ushahidi wa utumishi huweza kuundwa upya kutokana na hati nyingine, zikiwemo za malipo. Sahihi iwe yake mwenyewe: mkwe hahesabiwi kuwa ndugu wa karibu.

Hazina yenyewe ni taarifa za asubuhi, karatasi iliyojazwa na karani wa kombania kila siku. Wengi huifungua wakitarajia orodha ya kikosi kizima, wakakuta majina matatu. Haina kasoro. Iliandika mabadiliko tu: nani kawasili, nani kahamishwa, nani kalazwa, nani kapanda cheo. Pitieni mwezi baada ya mwezi, kila jina liwekeeni tarehe ya kuja na ya kuondoka, na orodha itajijenga. Ombi lisilotaja mwezi na jina kamili la kikosi hukwama, na vikosi hivi vilibadilishwa majina mno. Kule Vietnam viliitwa vya “utafiti wa redio” ili kuficha kazi yao.

Kisha waulizeni wazee kuhusu amri za uhamisho. Karatasi moja inaweza kubeba majina ishirini, na wengi bado wanazo kwenye masanduku yao. Kuna hatari moja. Kuanzia tarehe 1 Julai 1969, Jeshi la Nchi Kavu na la Anga la Marekani lilitumia namba ya hifadhi ya jamii kama namba ya askari, hivyo amri za waliofuata zina namba ambazo mwizi angezipenda. Toeni nakala, zifuteni namba kwa wino mweusi, kisha skanini nakala ya hiyo nakala. Kibandiko cheusi kilichochorwa kwenye kompyuta mara nyingi huacha maandishi mazima chini yake.

Picha skanini kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), na nyuma andikeni kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya.

SWALI: Miaka zaidi ya sitini imepita. Bado kuna siri?

JIBU: Ndiyo, kiapo hakina ukomo. Kituo kuwa kimefungwa, au mtu mwingine kuwa ameshaandika, hakumfungui yeyote. Aliyefanya kazi hiyo apeleke rasimu ikakaguliwe kabla ya kuchapishwa, na akiwa na shaka asiitume kwa barua pepe ya kawaida. Aulizie kwanza njia ya kuiwasilisha. Kwa maoni yetu historia nzuri haipungukiwi. Zamu za usiku, bweni, mpira na ndoa zilizofungwa Asmara vyaweza kujaza kitabu bila kutaja mawimbi ya nani yalinaswa.

SWALI: Tunaandaa mkutano wa kwanza wa kikosi chetu. Hoteli inataka tutie sahihi vyumba 40 kwa siku tatu. Ni sawa?

JIBU: Hapana. Someni kifungu cha upungufu, kile kinachowalipisha vyumba mlivyoahidi bila kuvitumia. Vyumba 40 kwa usiku tatu ni malazi 120, na mkataba ukiwabana mjaze angalau asilimia 80 mnadaiwa 96. Mkitumia 70, mnalipa 26 ambayo hakuna aliyeyatumia. Anzeni na vyumba 20 vyenye nafasi ya kuongeza, dai lipigiwe kwenye jumla ya siku zote badala ya kila usiku peke yake, na vyumba ambavyo hoteli imewauzia wengine vipunguzwe kwenye deni. Mkutano wa kwanza wengi husema “nitakuja” kisha daktari anakataa.

Beji ziwe na herufi za kusomeka hatua tatu mbali: jina, lakabu, miaka na zamu. Zamu ni muhimu, kwa kuwa watu wa kituo kimoja waliweza kukaa mwaka mzima bila kufahamiana. Masikio yaliyovaa vipokea sauti kwa miaka hayastahimili ukumbi wenye muziki, acheni bendi.

Tengeni chumba kidogo cha kurekodi, mtu mmoja mmoja, kiyoyozi kimezimwa. Maktaba ya Bunge la Marekani hupokea mahojiano ya askari wa zamani, lakini sharti yafike dakika 30 na yasihaririwe. Basi kabla ya kuwasha mashine, mkumbusheni mzungumzaji yale asiyoruhusiwa kuyataja, maana hayatakatwa baadaye.