Filta ya karatasi au ya kuoshwa? Majibu kwa wenye malori ya zamani

Nina Fuso la zamani, nabeba kokoto na mchanga kutoka Misungwi. Naambiwa ninunue filta ya hewa ya kuoshwa, sitanunua tena. Nifanye hivyo? (Usagara)

Kwa kazi hiyo baki na karatasi. Filta ya kuoshwa ni pamba iliyopakwa mafuta kati ya nyavu mbili. Inapitisha hewa kirahisi, na vumbi laini nalo hupenya kirahisi. Injini ya dizeli ya lita 6 isiyo na turbo (pampu ya kusukuma hewa ya ziada), ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, huvuta karibu lita 5,000 za hewa kila dakika, kwa hiyo upenyo mdogo tu unatosha kuingiza vumbi jingi kwa mwezi. Vumbi la mawe ya Mwanza ni gumu kuliko chuma cha silinda. Litakwangua silinda na ringi hadi injini ianze kula oili na kutoa moshi kwenye tundu la kujazia oili.

Tena hiyo "sitanunua tena" si kweli. Inataka sabuni yake na mafuta yake, ikauke yenyewe kabla ya kupakwa, na oili ya injini haifai kuwa mbadala. Kwa pikapu ya kuzunguka kwenye lami ya mjini, sawa.

Kila Jumamosi napeleka filta ya karatasi kwa fundi tairi aipulize. Kuna ubaya? (Igoma)

Upo. Upepo wa kujazia tairi za lori ni mkali, unatoboa karatasi vitundu usivyoviona. Usizidishe psi 30, puliza kutoka ndani kwenda nje, wala usiigonge kwenye tairi. Ukimaliza, ingiza tochi ndani ukiwa gizani: ukiona hata nukta moja ya mwanga, tupa.

Ila bora usiifungue ovyo. Vumbi lililotulia juu ya karatasi lenyewe husaidia kuchuja, na kila ukifungua unamwaga jingine upande safi. Kama lori lina kiashirio cha filta, yaani kidude kinachoonyesha filta imeziba, subiri kionyeshe nyekundu. Kama halina, angalia moshi mweusi na nguvu kupungua mlimani. Kama kuna filta ndogo ya pili ndani ya hiyo kubwa, haipulizwi kabisa. Ibadilishe kila ukibadilisha ya nje mara tatu.

Filta ni mpya, lakini nikipitisha kidole ndani ya mpira wa kwenda kwenye injini natoka na vumbi. (Sengerema)

Simamisha lori leo. Hapa ndipo malori ya zamani yanapofia, wakati wenyewe wanabishana kuhusu aina ya filta. Hewa inapita pembeni. Anza na mpira wenyewe: uvue, uukunje, tazama upande wa chini ambako nyufa hujificha. Klipu zilizoliwa na kutu badilisha, usifunge kwa waya. Kisha kopo linalobeba filta: likiwa limebonyea mdomoni, filta haikai hata ukaze namna gani. Washa (pete) ya mpira inayokaa chini ya nati ya kukazia filta hupotea mara nyingi, na tundu lake linatosha kuua injini.

Linganisha pia filta mpya na ya zamani kwa urefu na upana wa mpira wa mdomoni. Milimita chache zikipungua, haibani. Usipake grisi kuziba. Huficha uvujaji na kushika mchanga.

Ukimaliza, futa mpira wote ndani kwa kitambaa, tembea siku mbili, pitisha kidole tena.

Naweza kuosha ya karatasi kwa petroli? (Magu)

Hapana. Gundi inalegea, na moto upo karibu.

Lori langu lina bakuli la oili badala ya filta. Niling'oe? (Nansio)

Liache, lakini lihudumie: vumbi la hewa hunaswa kwenye oili hiyo. Tumia oili ya daraja lilelile la injini, ijae hadi kwenye alama. Tope lililotuama kwenye kitako cha bakuli likifika unene wa sentimita 1, mwaga, osha wavu kwa dizeli, uache ukauke. Kiangazi, Juni hadi Septemba, kagua kila asubuhi. Usizidishe alama: injini itavuta oili hiyo na kuichoma kama dizeli, ipande mizunguko bila kukanyagwa, na swichi isiizime.