Corolla kuzima mlimani, cheki pampu ya mafuta kwanza

Pole kaka, hiyo ya Corolla ya 1998 kukosa nguvu ukipanda Marangu, ikipata moto inazima na ukikaa nusu saa inawaka tena, mara nyingi ni pampu ya mafuta imechoka, ila usikimbilie kununua. Ikizima tu hapohapo funua siti ya nyuma, kuna kifuniko, mtu apige stata we pima umeme kwenye soketi ya pampu, ukikuta karibu volti 12 na ethi (waya wa hasi unaoshikwa kwenye bodi) iko poa halafu pampu kimya basi imekufa. Umeme haufiki? Angalia fyuzi na rilei (swichi ya umeme inayowasha pampu). Mi yangu hapa Moshi nilibadilisha plagi zote bure, kumbe kile kichujio cha chini ya pampu, kile kama kisoksi, kilikuwa cheusi kama masizi. Wakati wa kubadilisha pampu shusha presha ya mafuta, chomoa betri, na tafadhali sana sigara na jiko la mkaa viwe mbali, mvuke wa petroli unalipuka. Kichujio kipya na oringi mpya (mpira wa duara wa kuziba) lazima, la sivyo utanusa petroli ndani ya gari mpaka Himo. Halafu usiendeshe huku taa ya mafuta imewaka, petroli ndo inaipoza pampu.