RF pozitivu siyo hukumu, jamani

Wiki hii simu yangu imejaa picha za majibu ya RF, kipimo cha damu kinachohusishwa na baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo. Mtu anatuma karatasi tu, hana salamu, hasemi panapomuuma ni wapi. Watu wa Tanga nyie! Wote mliouliza "RF pozitivu maana yake nini" someni jibu la kwanza alafu mniache nipumue.

Mwanangu, nina miaka 63, nakaa Makorora. Nilienda ful chekap wakasema RF pozitivu, nina baridi yabisi. Goti linauma nikipanda ngazi ila halijavimba. Nianze dawa?

Shikamoo mama. Nani kakwambia una baridi yabisi, daktari aliyelishika hilo goti au yule wa dirishani anayegawa karatasi? RF ni kingamwili tu, wazee wengine wanakuwa nayo na hawaumwi kitu, mwenye TB anaweza kuwa nayo, mwenye homa ya ini C naye hivyohivyo. Vile vigezo vya baridi yabisi vya 2010 ambavyo madaktari wanahesabia pointi vinataka kwanza kiungo hata kimoja kilichovimba kweli, tena kisiwe na sababu nyingine, ukikosa hicho hakuna cha kuhesabu. Goti la ngazi lisilovimba kwa umri wako mara nyingi ni kusagika. Nenda kalionyeshe goti, karatasi ibaki mkobani. Na hizi ful chekap za vifurushi zinazompima RF kila anayepita mie sizipendi, unanunua wasiwasi kwa hela yako mwenyewe.

Miezi 3 sasa vidole na viwiko vya mikono yote vimevimba, nimehesabu viungo 12, asubuhi siwezi kufunga vifungo vya shati mpaka saa nzima ipite. RF negativu, ESR (kipimo cha damu cha uvimbe mwilini) iko juu. Nimeambiwa sina ugonjwa.

Hili ndo linaloniudhi. Karibu theluthi ya wenye baridi yabisi RF yao haionekani, sasa wote hao tuwarudishe nyumbani? Tuhesabu wote: viungo zaidi ya 10 vikiwemo vidogo kama vya vidole, pointi 5. ESR juu, 1. Umepita wiki 6, 1. Jumla 7, na inayotakiwa ni 6 kati ya 10. RF imekupa sifuri na bado umevuka! Pointi zenyewe zilitungwa kupanga wagonjwa wa tafiti, ugonjwa anausema daktari baada ya kukushika na kuondoa magonjwa mengine, kwahiyo omba rufaa kwa bingwa mapema kabla viungo havijaliwa. Usikae unameza predinisoloni za duka la dawa, utajisikia mzima huku mifupa inaisha na sukari inapanda. Na ukiandikiwa methotrexate, dawa ya baridi yabisi, ni MARA MOJA KWA WIKI, ukiinywa kila siku inaweza kukuua.

Hela yangu inatosha kipimo kimoja, RF au anti-CCP (kile kipimo kingine cha kingamwili)?

Anti-CCP. Kwa kuwakosa wagonjwa wa kweli zinalingana tu, ila anti-CCP ikisema ndiyo haidanganyi sana: kwenye watu 100 wasio na baridi yabisi inawasingizia kama 5, RF kama 15. Ikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yako unapewa pointi 3, ikizidi kiwango ila haijapita mara 3, pointi 2.

Kaka yangu wa Pongwe anti-CCP imetoka juu sana lakini hana kiungo kinachouma. Anavuta sigara.

Aache sigara leo. Hizi kingamwili zinaweza kutangulia maumivu kwa miaka, na sigara ni rafiki yao mkubwa. Wengine hawaugui kabisa, kwahiyo hakuna dawa ya kumeza sasa, ila siku vidole vikivimba asisubiri.

Nilipata homa kali, baada yake viungo vyote vikauma, leo wiki ya 2. Nipime RF?

Bado. Homa za virusi kama chikungunya zinafanya hivyo na kwa wengi maumivu yanapungua yenyewe. Baridi yabisi siyo mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo. Wiki 6 zikipita na uvimbe upo, nenda. Kiungo kimoja kikiwa chekundu, cha moto na una homa, nenda leoleo, hiyo inaweza kuwa usaha.

Niko kwenye dawa, nirudie RF kila mwezi nione kama napona?

Hapana. Mmeuliza watu wanne hili. Daktari anafuatilia kwa kuhesabu viungo vilivyovimba, na ESR au CRP, kipimo kingine cha uvimbe. RF inaweza kubaki hata ukipata nafuu, hiyo hela kanunue samaki.