Maswali yenu: michoro ya Mithila

Tangu nitaje hapa michoro ya wanawake wa Mithila, barua zenu hazikatiki. Leo najibu chache.

Shikamoo shangazi. Hao Wamaithili ni watu wa wapi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Ni watu wa Mithila, yaani tambarare za kaskazini mwa jimbo la Bihar, India, na ng'ambo ya mpaka, kusini mashariki mwa Nepal, kwenye mji wa Janakpur. Kimaithili ni lugha ya pili Nepal kwa wingi wa wasemaji. India nayo iliitambua katika katiba yake mwaka 2003. Michoro yao huitwa pia Madhubani, lakini hiyo ni wilaya moja tu, ila jina lake ndilo lililovuma sokoni.

Kwa nini mtu ahangaike kuchora ukuta wa udongo ambao mwakani utakandikwa upya?

Kwa sababu mchoro ule ni sehemu ya harusi, kama nyimbo zinazoimbwa usiku ule. Wanawake wa nyumba hukitayarisha chumba cha maharusi, kohbar ghar. Ukutani huchora mayungiyungi yaliyozunguka shina la mwanzi, yaani mke na mume. Pembeni huweka samaki wa kuombea uzazi, kasuku wa mapenzi, kobe, jua na mwezi. Maharusi hukaa humo siku zao za kwanza, na ukuta mzima unawaombea. Sakafuni huchorwa aripan kwa mchele uliosagwa na maji, nayo hufutika kwa nyayo za watu. Binti alijifunza akiwa ubavuni mwa mama yake, akaolewa, akaenda kuchora kwingine. Hivyo ndivyo sanaa ilivyodumu.

Sasa dunia ilijuaje, kama yote yalikuwa vyumbani?

Tetemeko la Januari 1934 lilibomoa nyumba nyingi za Bihar. Afisa wa Kiingereza, William Archer, alipokuwa akikagua uharibifu aliona kuta za ndani zimeachwa wazi, zimejaa michoro. Aliipiga picha, na mwaka 1949 akachapisha makala.

Lakini kilichobadili maisha ya wachoraji ni njaa. Katika ukame wa 1966 hadi 1967, Pupul Jayakar wa bodi ya kazi za mikono ya India alimtuma msanii Bhaskar Kulkarni vijijini na karatasi, ili wanawake wachore na kuuza. Hapo ndipo tukaanza kuwajua kwa majina: Jagdamba Devi, Sita Devi, Ganga Devi. Nasisitiza majina. Wanaume waliowafikia wameandikwa sana, na wenye mikono wamesahaulika mara nyingi mno.

Rangi wanatoa wapi?

Za asili ni masizi ya taa, manjano, nili, maua, majani na unga wa mchele, vikichanganywa na gundi ya mti. Karatasi hupakwa kwanza maji ya kinyesi cha ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia rangi za dukani.

Nimesoma kwamba hii ni sanaa ya matabaka ya juu tu. Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Si kweli, ndugu yangu. Katika matabaka ya juu, Wabrahmin walijulikana kwa bharni, mtindo wa kujaza rangi, na Wakayastha kwa kachni, mistari myembamba. Wadusadh, waliohesabiwa najisi, walichukua chale walizochora mwilini wakazihamishia kwenye karatasi, ndiyo godna. Wao humchora Raja Salhesh, shujaa wao. Na Dulari Devi, mtoto wa wavuvi aliyekuwa mtumishi wa ndani nyumbani kwa wachoraji, alijifunza humo humo. Mwaka 2021 taifa lilimtunuku nishani ya Padma Shri.

Naweza kuchapa michoro hiyo kwenye vitambaa niuze?

Jifunze, lakini usiuze kwa jina la Madhubani. Tangu 2007 jina hilo limesajiliwa India kwa kazi ya eneo lile. Ukitaka kuwasaidia, nunua kwao.

Kuta zenyewe zipo bado?

Zipo, katika vijiji kama Jitwarpur na Ranti, na upande wa Nepal pia. Lakini kuna mmoja ninaoulilia. Ganga Devi, aliyekuwa bingwa wa kachni, aliugua saratani. Akiwa kwenye matibabu Delhi alichora kohbar nzima, ile michoro ya chumba cha maharusi, ukutani mwa jumba la makumbusho, na karatasini akachora pia safari yake ya hospitali. Alifariki 1991. Ukuta ule ulibaki zaidi ya miaka ishirini, kisha katika ukarabati ukafutwa. Kijijini mchoro ukifutika, binti yupo wa kuuchora tena. Ule wa Delhi hakuna mkono wa kuurudia.